F1 bila bando: msaada wa LibreOffice nyuma ya stoo ya barafu, Deep Sea

Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya stoo ya barafu pale Deep Sea, Tanga. Ukuta mmoja ni wa mawe, ule mnene wa zamani. Wa pili umeegemewa na majokofu mawili. Juu ni bati. Mtandao haupendi kuingia humo. Ukitaka kupiga simu unatoka nje, unapita mizani, unawapita wanaoparua magamba, unakwenda kusimama upepo unapopiga. Hapo utapata vijistari viwili, siku njema vitatu.

Mimi ndiye ninayemwandikia tajiri vitabu vyake: nani kaleta samaki gani, kilo ngapi, kwa bei gani, nani kachukua kwa mkopo, barafu imetoka kiasi gani. Miaka sita niliandika kwenye kaunta buku. Kisha tajiri akanunua kompyuta ya mtumba, akaniletea imefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga, akasema, "Mwanangu, haya mambo ya kufuta na raba basi." Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kubonyeza na kukosea, na nikikwama naulizia.

Sasa hapo kwenye kuulizia ndipo maoni haya yalipo. Watu wanaandika kusifia simu, hoteli na mafuta ya nywele. Mimi nataka kuzungumzia kitufe kimoja cha kibodi, F1, kile cha kuomba msaada ndani ya programu, na kile kinachofunguka ukikibonyeza ukiwa huna bando.

Kompyuta ilikuja na programu ya ofisi ya kulipia, ambayo sitaitaja jina. Muda wake wa bure ukaisha, lakini hata kabla haujaisha tulikuwa tumeshagombana. Nikibonyeza F1, upande wa kulia inafunguka nafasi nyeupe, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu maandishi: angalia muunganisho wako wa intaneti. Nitaangalia nini, na niko kati ya majokofu mawili? Ni sawa na kununua dawa, ukifungua boksi unakuta karatasi ya maelekezo imeandikwa "maelekezo yako dukani".

Kijana mmoja mwenye duka la kutengeneza kompyuta kule Ngamiani, Barabara ya 8, akanitolea ile na kuniwekea LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali yake. Nikafurahi. Lahajedwali yake, yaani jedwali la safu na mistari linalopiga hesabu lenyewe, inaitwa Calc, na mafaili yangu ya zamani ilifungua karibu yote vizuri. Siku ya kwanza nikabonyeza F1, kujaribu tu. Kikaja kisanduku kinanieleza kwamba msaada wa ndani haukuwekwa kwenye kompyuta hii: niuweke, au nibonyeze kitufe nikausome mtandaoni. Nikasema haya, yale yale. Nikafunga, nikaendelea na maisha.

Sikujua kwamba kisanduku kile kilikuwa kinanipa taarifa muhimu nami naipita. Kinasema *haukuwekwa*. Maana yake upo.

Nikausahau mpaka Mei 2024.

Wenye kumbukumbu watakumbuka ule mwezi. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimetutisha mwanzoni, vyombo vikavutwa juu, hakuna aliyekwenda baharini. Hali ilipotulia kila mtu akatoka kwa pamoja, na samaki wakaja kwa pamoja. Halafu Jumapili ya tarehe 12, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika. Nchi nzima mtandao ukawa wa kuvutwa kwa kamba. Hata pale kwenye upepo, vijistari vitatu vimesimama wima na ukurasa haufunguki. Mimi nilikuwa na tatizo la pono.

Nieleze vizuri, maana bila hili hamtaelewa kwa nini naandika maneno mengi hivi kuhusu kurasa za msaada. Nina karatasi moja ndani ya faili langu, inaitwa Bei. Safu ya kwanza majina ya samaki, nimeyapanga kwa alfabeti: changu, jodari, kibua, kolekole, nguru, pweza, tasi. Safu ya pili bei ya kilo. Kwenye karatasi ya mauzo naandika jina na kilo, na fomula ya VLOOKUP inakwenda kuchukua bei yenyewe. Ni kama kumtuma mtoto akatazame orodha ukutani: "Hebu nenda kaangalie kolekole leo bei gani," anarudi na jibu. Nilinakili fomula hiyo kutoka kwa mtu, ikafanya kazi miezi minne bila kosa hata moja.

Siku hiyo wakaleta pono, kilo 38. Pono kwetu hawaji mara kwa mara, na kwenye orodha yangu hawakuwamo. Nikaandika "pono", nikaandika 38, jumla ikatoka, nikachapa, nikampelekea tajiri. Akavaa miwani. Akatazama. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Tangu lini pono anakaa meza moja na nguru?"

Kompyuta ilikuwa imempa pono bei ya nguru, shilingi 12,000 kwa kilo, wakati siku ile tulimuuza 6,500. Tofauti ni 209,000. Mnunuzi alikuwa bado hajaondoka, tukamrudishia kwa kicheko cha uongo. Lakini mimi usiku ule sikulala. Kama imedanganya hapa, imedanganya wapi kwingine? Miezi minne! Fomula nimeipewa na mtu, naye kaipewa na mtu, hakuna anayejua kila kipande ndani yake kinafanya nini.

Mtandao haupo wa kutafuta. Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam ujumbe haumfikii. Asubuhi nikapanda baiskeli hadi Barabara ya 8.

Yule kijana akakuna kichwa. Akafungua diski yake ya nje, anamoweka programu zote anazowawekea watu. Folda ya LibreOffice ilikuwa na faili mbili: moja kubwa, zaidi ya MB 300, na ya pili ndogo sana, haifiki hata MB 10, yenye neno "helppack" katikati ya jina lake refu. "Hii sijui ya nini, dada. Ilikuja na ile nyingine, nikaiacha." Ilikuwa ndiyo yenye msaada. Faili ndogo kuliko video ya harusi ya dakika moja, miezi yote hiyo imelala kwenye diski ya mtu asiyejua ya nini.

Tukaibonyeza, ikagoma. Hapo ndipo pa kuangalia: namba ya toleo la msaada lazima ifanane na namba ya toleo la programu. Yangu ilikuwa 7.5, kile kifurushi kilikuwa cha 7.6. Ukitaka kujua yako ni ipi, fungua menyu ya msaada, teremka mpaka chini kwenye maelezo ya programu, utaiona. Na msishangae namba: baada ya 7.6 wakaacha kuhesabu walivyozoea, wakaanza kutumia mwaka na mwezi, kwa hiyo iliyofuata ikawa 24.2, ya mwaka 2024 mwezi wa pili. Kijana akaniwekea 7.6 yote upya kisha msaada juu yake, dakika kumi hivi. Akanitoza elfu tatu, nikampa tano.

Nikabonyeza F1 pale pale dukani. Ikafunguka ndani ya kivinjari, kile kile cha kuingilia mtandaoni. Kijana akasema, "Aa, hii inataka intaneti hii." Nikamwambia zima ruta. Akazima. Kurasa zikaendelea kufunguka, tena upesi kuliko tovuti yoyote niliyowahi kufungua Tanga. Ukitazama pale juu panapoandikwa anwani, inaanza na neno "file", maana yake inasoma ndani ya diski yako mwenyewe. Wengi wanadanganyika hapo: wakiona kivinjari wanadhani wanaliwa bando.

Nikarudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikatafuta VLOOKUP.

Ukurasa wenyewe ni mkavu. Hauna picha, hauna salamu. Lakini kila kipande cha fomula umekieleza kwa jina: unachotafuta, mahali pa kutafuta, safu ya ngapi, na cha mwisho, kile ambacho fomula yangu haikuwa nacho. Hicho cha nne ni cha hiari. Ukikiacha, Calc inachukulia kwamba orodha yako imepangwa kwa mfuatano, na isipolipata jina lenyewe inachukua lililo karibu linalolitangulia. Nikaiweka alfabeti kidoleni: nguru, halafu angekuwa pono, halafu pweza. Ndiyo maana! Mtoto niliyemtuma kaona aibu kurudi mikono mitupu, kaja na bei ya jirani. Ukiandika sifuri mahali pa nne, anaambiwa: ukimkosa, sema umemkosa.

Nilikaa pale nimeshika kidevu. Miezi minne mambo yalikuwa sawa kwa sababu moja tu, kwamba kila samaki aliyekuja alikuwemo kwenye orodha, na orodha kwa bahati nilikuwa nimeipanga kwa alfabeti. Siku tungeongeza kamba chini kabisa baada ya tasi, bila kupanga upya, mambo yangeharibika na hata majina yaliyomo.

Basi nikaendelea kusoma mpaka adhana ya magharibi. Kiungo kimoja kinakupeleka kwingine. Nikakuta IFERROR, inayokuwezesha kuandika neno lako mwenyewe pale fomula inapokwama. Fomula yangu ya sasa ni hii:

=IFERROR(VLOOKUP(A2;$Bei.$A$2:$B$40;2;0);"HAIPO")

Mtu aliyezoea ile programu nyingine atauliza mbona nukta mkato badala ya mkato, na mbona nukta baada ya jina la karatasi, mahali alipozoea alama ya mshangao. Ndivyo msaada wa Calc unavyoandika, na nilivijua vyote viwili kwenye kurasa hizo hizo. Ningetafuta mtandaoni ningeletewa majibu elfu, mengi yao ya programu ile nyingine, nibaki nabandika fomula zisizokubali huku nikijilaani. Msaada wa ndani unazungumzia programu uliyonayo, tena toleo ulilonalo. Hilo sikuwahi kulifikiria kuwa ni faida.

Faida nyingine ni kitufe cha msaada kilicho ndani ya visanduku. Ukifungua karibu kisanduku chochote cha Calc, tuseme cha kupanga safu, chini yake kuna kitufe hicho; ukikibonyeza unapelekwa kwenye ukurasa wa kisanduku hicho hicho, huhitaji kujua kinaitwaje. Kwa mtu kama mimi, ambaye nusu ya shida ni kutojua jina la shida, hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko kutafuta. Na kwa asiyetaka hata kusoma ukurasa: kwenye mipangilio ya jumla kuna mahali pa kuwasha vidokezo virefu. Ukisogeza mshale juu ya kitufe unaelezwa kwa sentensi nzima.

Sasa lawama, maana nisije nikaonekana nimelipwa.

Ya kwanza ni ile ya mwanzo: kwa nini kifurushi kiwe mbali? Programu ni zaidi ya MB 300. Ongeza hizo chache, tumalize. Nafahamu kwamba msaada una lugha nyingi na huwezi kuzibeba zote, lakini anayepakua kwa bando la usiku anabofya kile kitufe kikubwa, analala, asubuhi anakuta amekosa kitu ambacho hakujua kipo.

Ya pili ni kutafuta. Kile kisanduku cha kutafutia upande wa kushoto kinachuja maneno ya faharasa tu, hakiingii ndani ya maandishi ya kurasa. Ukijua neno lao, umepata. Ukiandika neno lako, hola. Nilitafuta namna ya kuzuia mtu asiandike kilo kwa maneno, nikahangaika nusu saa, kumbe wao wanaliita jambo hilo uhalali wa data, liko chini ya menyu ya Data tangu zamani. Nikawa natafuta kama mtu anayeulizia nyumba kwa jina la utani la mwenye nyumba.

Ya tatu, na hii inaniuma: Kiingereza. Nimesoma mpaka kidato cha nne, ninaelewa, lakini ninaelewa kwa jasho. Ule ukurasa wa VLOOKUP niliusoma mara tano, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu. Fundi wa mashine ya barafu, mwenye akili kuliko mimi, aliutazama akaurudisha. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili kilishawahi kuingia humu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, menyu zake kwa Kiswahili. LibreOffice yenyewe ilizaliwa kutoka ubavuni mwa OpenOffice mwaka 2010. Maneno kama lahajedwali hatukosi. Ila kwenye orodha ya vifurushi vya msaada niliyoipitia mtandao uliporudi, cha Kiswahili sikukiona.

Mifano nayo ni ya kizungu mno: menyu za mgahawa, supu za namba. Yakhe, kilo na ndoo ndivyo ningeelewa.

Kwa picha na maelezo marefu nimeongeza kitabu chao cha Calc, cha PDF, nacho ni bure kwenye tovuti yao. Ni kurasa mamia, lakini kina picha za skrini, na kwa kuwa ni PDF unaweza kutafuta neno lolote ndani yake. Nikishindwa kwenye F1 naenda kule. F1 ni ya haraka, kitabu ni cha usiku. Nimempa mpwa wangu vyote viwili kwenye flashi alipokuja likizo, naye akanionyesha yake: alipakua mwongozo wa PHP, lugha ya kuandikia programu, wa faili la CHM, aina ya faili la kurasa za msaada, akilifungua anaona majina ya kurasa kushoto na kulia weupe mtupu. Akadhani limeharibika, akalipakua tena, bando likaisha. Kumbe Windows inalizuia kwa sababu limetoka mtandaoni. Unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua sifa za faili, unaweka tiki kwenye kuondoa kizuizi, basi. Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyekuwa na msaada mkononi bila kujua namna ya kuufungua.

Shemeji yangu mpima ardhi, anayeshinda porini Handeni kuliko nyumbani, ananicheka. Yeye anatumia QGIS kwa ramani, na kitufe chake cha msaada kwa kawaida kinakimbilia mtandaoni. Lakini ndani ya mipangilio ya mfumo kuna mahali pa kuielekeza programu kwenye folda yako ya nyaraka, naye alishafanya hivyo zamani. "Ulikuwa hujui?" ananiambia. Sikujua, shemeji, na wewe hukuniambia.

Nikipewa nyota tano za kugawa, msaada huu naupa nne kasoro. Kasoro hiyo ni Kiswahili, na ile ya nne inayumba kwa sababu ya faharasa. Programu yenyewe siizungumzii, kila mtu na yake. Ila yeyote mwenye LibreOffice akiwa Pangani, Mkinga, au ndani ya chumba cha bati kama mimi, abonyeze F1 leo kabla hajakwama. Ikija ile taarifa ya kutowekwa, atazame namba ya toleo lake, akachukue kile kifurushi kidogo siku atakayokuwa na mtandao.

Pono sasa yumo kwenye orodha, mstari wa saba. Juzi wakaja na ndoo mbili za mkizi, nikaandika jina, nikaandika kilo, kompyuta ikaniandikia HAIPO kwa herufi kubwa. Nikatoka nje mpaka kwenye mizani, nikamuuliza tajiri bei.